Mfuko wa Damu wa Mama Mkwe

Siku ile ukumbi wa mikutano wa hospitali ulikuwa na kelele kuliko uwanja wa mpira. Wauguzi wote ambao hawakuwa zamu walijazana humo. Waliokosa viti walikaa madirishani, na wale wa wodi ya watoto walikuja na mabeseni ya bati ya kupiga badala ya ngoma. Mbele yao alisimama mtaalamu wa benki ya damu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Friji kwa jinsi alivyoilinda friji yake ya damu. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua, kuisukuma wala hata kuiegemea. Leo alikuwa amevaa tai, na shingoni amening'iniza filimbi.

Shindano lilikuwa wazo lake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka wodi zote akiwauliza wauguzi maswali mepesi kuhusu kumwongezea mgonjwa damu kwa usalama, akarudi ofisini kashika kichwa. Mmoja alimwambia mfuko wa damu ukiwa baridi unautumbukiza kwenye maji ya moto. Mwingine alisema mgonjwa akiwa hayuko tayari, damu unaihifadhi kwenye friji ya wodi, pembeni ya soda. Wa tatu, bila hata kupepesa macho, alisema ukishaifungulia unaenda zako kunywa chai, kwani damu inakimbilia wapi?

Bwana Friji hakugombana na mtu. Alichukua mfuko mtupu, akaujaza juisi nyekundu, akaanza kufundisha wodi moja baada ya nyingine mpaka sauti ikamkauka. Alipomaliza akatangaza shindano, na hapo ndipo mambo yalipokuwa moto. Watu ambao hawakuwa wakisalimiana sawasawa walianza kuulizana maswali kwenye foleni ya chakula.

Sasa walikuwa wamebaki wapinzani wawili tu, wodi ya wanawake na chumba cha upasuaji, na walikuwa sare. Aliyesimama kwa niaba ya wodi ya wanawake alikuwa muuguzi mmoja mwembamba, mama wa watoto wawili, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Alikimbia akienda kuchukua dawa, akakimbia akirudi, akatandika kitanda huku mgonjwa bado anatafuta viatu vyake. Wenzake walimpachika jina la Chapchap, naye akaliitikia, maana hata muda wa kulikataa hakuwa nao.

"Swali la mwisho," Bwana Friji alisema, na ukumbi ukatulia. "Atakayelipata ndiye mshindi. Mgonjwa anaongezewa damu. Ghafla anaanza kutetemeka, anasema kiuno kinamuuma..."

Mkono wa Chapchap ulikuwa juu tayari.

"Sijamaliza swali, sista!"

"Najua unakoelekea!"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mabeseni yakapigwa. Bwana Friji akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Na katikati ya vurugu hiyo, mlangoni, kichwa kimoja kikachomoza juu ya vichwa vyote vingine. Alikuwa Twiga, muuguzi mwenzake wa wodi ya wanawake, mrefu kama mlingoti, ambaye alitakiwa kuwa zamu. Hakuwa anacheka. Alimpungia Chapchap mkono, kisha akanyoosha kidole nje.

Chapchap alishuka jukwaani.

"Unaenda wapi? Tunashinda!" wenzake walimpigia kelele.

Twiga aliinama akamwambia sikioni, "Mama mkwe wako yuko wodini. Ameletwa asubuhi, anatapika damu. Mumeo amekupigia mpaka amechoka."

Simu zote zilikuwa zimekusanywa kwenye kikapu, kwa amri ya Bwana Friji. Chapchap hakuitafuta yake. Aliondoka mbio, na Twiga kwa miguu yake yote mirefu hakumpata mpaka ngazini.

*

Mama mkwe wake alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke aliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa kuvua miwani tu. Kati yake na Chapchap hapakuwa na ugomvi, lakini hapakuwa na maongezi pia. Chapchap alimpenda, alimletea dawa, alimfulia alipougua, ila vyote hivyo alivifanya akiwa njiani kuelekea kwingine. "Mkwe wangu," mwalimu aliwaambia majirani, "shikamoo ananipa akiingia, marahaba yangu inamkuta getini."

Sasa alikuwa amelala kitanda cha kwanza karibu na meza ya wauguzi, midomo imepauka, kope nzito. Vidonda vya tumbo alivyovificha kwa muda mrefu vilikuwa vimepasua mshipa. Dripu ya maji ya chumvi ilikuwa ikishuka mkononi mwake. Daktari wa zamu, dada mmoja kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa akimpima presha na kuonekana kutofurahishwa na anachokiona.

"Mama," Chapchap aliita, akimshika mguu juu ya shuka. "Shikamoo mama."

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Marahaba. Leo umeisubiri."

Msimamizi wa wodi, ambaye kila mtu alimwita Mama Wodi, alikuwa akija na mfuko wa damu kwenye trei. Alimtazama Chapchap usoni. "Unaweza kufanya kazi, au ukakae nje na ndugu? Usinidanganye."

"Naweza."

"Mikono inatetemeka?"

Chapchap aliinyoosha mbele. Ilikuwa imetulia.

"Haya. Tunakagua wote wawili, hapahapa kitandani. Mimi nasoma, wewe unauliza."

Kwa tabia yake ya siku zote, Chapchap angekuwa ameshautundika mfuko. Huyu alikuwa mama mkwe wake. Alimjua. Alikuwa amekula naye wiki iliyopita. Ni nani tena wa kuulizwa jina? Lakini masikio yake bado yalikuwa na sauti ya Bwana Friji, iliyokauka kwa kurudia neno lilelile kila siku: usimwambie mgonjwa jina lake ukamwacha aitikie tu, mwache alitaje mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye homa ataitikia hata ukimwita kwa jina la jirani.

"Mama, nitajie jina lako kamili."

Mwalimu alifumbua macho yote mawili. "Nini?"

"Jina lako kamili, mama."

"Wewe." Sauti ilikuwa dhaifu, lakini hasira ilikuwa na nguvu zake. "Umeolewa na mwanangu. Watoto wako wamebeba jina langu na la mume wangu. Leo unakuja kuniuliza mimi naitwa nani?"

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alijifunika shuka usoni ili asionekane akicheka.

"Najua unaitwa nani, mama. Lakini nataka nilisikie kwako."

"Na nisiposema?"

"Usiposema sikuwekei damu, na mwanao akija nitamwambia umekataa."

Mwalimu alimkodolea macho. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio darasani, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, na kwa kuongezea akataja mwaka wa kuzaliwa. Mama Wodi alifuatisha kwenye utepe wa mkononi na kwenye kibandiko cha mfuko.

"Sawa. Jina sawa, namba sawa. Tarehe ya kuisha damu, bado. Mfuko hauvuji, rangi nzuri. Kundi B."

"Umewahi kuongezewa damu, mama?"

"Kuongezewa? Sijawahi. Mimi natoa." Mwalimu alivuta pumzi. "Gari la damu lilikuwa linakuja shuleni kwetu kila mwaka. Walimu wanaume wanajificha chooni. Mimi ndiye nilikuwa nalala wa kwanza, ili waone aibu."

Chapchap alitabasamu huku anafungua pakiti ya mpira wa kupitishia damu. Mkono wake ukasimama.

"Kwa hiyo kundi lako unalijua?"

"Nisilijue vipi? Mimi ni A."

Mama Wodi aliinua macho kutoka kwenye mfuko.

"Rudia, mama," Chapchap alisema.

"A! A kama ya kwanza kwenye ubao! Mnanifanya nifundishe kitandani?"

Chapchap aliuchukua mfuko, akausoma mwenyewe. B. Herufi kubwa, nyeusi, haina shaka yoyote.

"Daktari," aliita. "Hii damu siiweki."

Daktari alisogea haraka. "Kuna nini? Presha yake inashuka."

"Mfuko unasema B. Mgonjwa anasema yeye ni A."

"Wagonjwa wengi huwa hawana uhakika na kundi lao." Daktari hakusema kwa dharau, alikuwa anafikiri kwa sauti. Akamwinamia mwalimu. "Mama, una hakika?"

Mwalimu alitaka kuvua miwani, akakuta hajaivaa. "Binti, nimetoa damu miaka yote niliyofundisha. Kila mara wananipima, kila mara wananiambia A. Kama imebadilika nikiwa usingizini, basi sina habari."

Daktari alijiinua. "Inatosha. Simamisheni. Maji ya chumvi yaendelee, na mwendo uongezwe. Sampuli mpya, itolewe sasa hivi, chupa iandikwe hapahapa kitandani. Mimi nampigia Bwana Friji."

Chapchap alikuwa ameshatoa sindano. Alimfunga mpira wa mkononi, akapata mshipa kwa mara ya kwanza, damu ikapanda kwenye chupa, akaandika jina akiwa amesimama palepale, akimtaka mwalimu alitaje tena. Safari hii mwalimu hakubisha. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba hapa hapana mzaha.

Na ilikuwa wakati anaikabidhi ile chupa kwa Mama Wodi ndipo wazo lilipompiga Chapchap kama mlango uliofunguliwa usoni.

"Mama Wodi," alisema polepole. "Kama hii damu ilipimwa ikafanana na sampuli, basi ile sampuli haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Asubuhi, pale idara ya dharura, mama alikuja na nani? Nani mwingine alitolewa damu?"

Mama Wodi alifungua mdomo. "Fundi cherehani. Yule mwenye uvimbe kwenye kizazi. Walipandishwa pamoja. Nimemweka chumba cha mwisho..." Aligeuka kutazama mwisho wa wodi. "Twiga ameenda kumwekea damu. Ameenda muda huu huu."

Hakumaliza. Chapchap alikuwa ameshaondoka.

*

Kama kuna siku jina lake lilimfaa, ni siku ile. Korido ya wodi ya wanawake ni ndefu, na saa ile ilikuwa imejaa kila kitu ambacho kingeweza kumzuia mtu: gari la kufulia, mwanamke mwenye magongo, mfagizi na ndoo yake, ndugu waliomleta mgonjwa mpya wakasimama katikati wakiulizana njia. Chapchap alipita kushoto kwa magongo, akaruka ndoo, akateleza kwenye sakafu yenye maji, akajishika ukutani.

"Sista, sakafu mbichi!" mfagizi alipiga kelele.

"Samahani! Twiga! Twiga, usifungulie!"

Chumba cha mwisho kilikuwa na mlango uliofungwa, na nyuma yake redio ndogo ikiimba. Aliusukuma kwa bega.

Fundi cherehani, mama mnene mwenye uso wa ucheshi hata katika ugonjwa, alikuwa amelala chali na mkono umenyooshwa. Twiga alikuwa upande mmoja, muuguzi mwenzake upande wa pili. Mfuko ulikuwa umetundikwa. Kibano cha mpira kilikuwa kimefunguliwa. Ndani ya mpira, ile sehemu ya juu ilikuwa nyekundu tayari, ikishuka taratibu, ikiyasukuma mbele yake maji ya chumvi yaliyotangulia kujazwa.

Chapchap alirukia kando ya kitanda, akaukunja mpira kwa vidole vyake viwili chini kidogo ya pale wekundu ulipofikia, akaubana kwa nguvu zote.

"We! Una wazimu?" Twiga alishtuka.

"Funga kibano. Funga! Tenganisha na mkono wake."

Twiga alikuwa mtu wa kubishana kuhusu mpira wa miguu, siasa na bei ya viatu, lakini sauti hiyo hakubishana nayo. Alifunga kibano, akachomoa mpira kwenye sindano ya mkononi. Kilichokuwa kimeingia mwilini mwa fundi kilikuwa maji ya chumvi tu. Damu yenyewe ilikuwa bado inaning'inia hewani, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye ngozi.

"Nimekagua kila kitu," Twiga alisema. "Jina ametaja mwenyewe. Namba ni sawa. Tumesoma wote wawili."

"Kundi gani kwenye mfuko?"

"A."

"Kundi lako unalijua, mama?" Chapchap alimuuliza fundi.

"Hata silijui, mwanangu. Najua saizi za watu tu."

"Na mfuko wa mama mkwe wangu umekuja B. Yeye anasema ni A. Walitoka dharura pamoja." Chapchap alikuwa bado ameubana ule mpira, ingawa haikuwa lazima tena. "Nadhani sampuli zao zimebadilishana njiani."

Twiga aliushusha mfuko, akakisoma kibandiko upya. Fundi cherehani aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnataka kuniambia," alisema, "kwamba hiyo ilikuwa inaingia kwangu na siyo yangu?"

"Tunapima upya ndiyo tujue, mama. Lakini haijaingia. Hata tone."

Fundi alifikiri kidogo. "Basi na wewe ukishapumzika njoo nikupime gauni. Mtu anayekimbia hivyo avae nguo yenye mpasuo."

Muuguzi wa upande wa pili alianza kucheka, kicheko cha hofu kilichokosa pa kwenda, na kikawaambukiza wote, mpaka Twiga akafuta machozi kwa kiganja huku akiandaa sindano ya kutoa sampuli mpya.

*

Bwana Friji alikuja mwenyewe. Aliuacha ukumbi mzima ukimsubiri, akapita maabara, akapima kwa mikono yake, akarudia kupima, kisha akapanda ngazi na sanduku la baridi kifuani, tai imerukia begani, filimbi inagonga vifungo vya shati. Nyuma yake lilikuja kundi la wauguzi kutoka ukumbini, kwani habari ilishafika kule, na watu wa chumba cha upasuaji walikuwa miongoni mwao.

"Mwalimu ni A," alisema, akihema. "Fundi ni B. Sampuli zilipishana. Kabisa kabisa."

Wodi nzima ilitoa sauti moja, kama watu walioona mpira ukigonga mwamba wa goli.

"Kelele!" Mama Wodi alifoka. "Wagonjwa wamelala!"

"Hakuna aliyelala hapa," alisema yule mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye sasa alikuwa amekaa kitako ili aone vizuri.

Walianza upya, hatua kwa hatua, hakuna kilichorukwa. Mama Wodi alisoma. Chapchap aliuliza. Mwalimu alitaja jina lake kwa sauti ya juu, moja, mbili, tatu, kama anayesoma shairi mbele ya wageni, na alipofika kwenye kundi hakusubiri kuulizwa. "A!" Walipima presha, mapigo ya moyo na joto kabla ya kuanza. Kibano kikafunguliwa kidogo tu, na tone la kwanza likaanguka taratibu.

Chapchap alivuta kiti akakaa.

"Unafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Nakaa na wewe. Robo saa ya mwanzo muuguzi haondoki. Damu ikiwa na matatizo na mwili wako, mara nyingi ndipo inaposema. Ukihisi baridi, kuwashwa, kifua kubana, kiuno kuuma, chochote, niambie hapohapo."

"Na ukiondoka?"

"Siondoki."

Mwalimu aligeuza kichwa kwenye mto. Chapchap alihesabu matone, akamshika kifundo cha mkono kusikia mapigo, akamtazama usoni. Hakukumbuka kama aliwahi kukaa namna hii mbele ya mwanamke huyu, bila chungu jikoni wala mtoto mgongoni wala saa ya kukimbilia. Aliona kwamba ana kovu dogo chini ya nyusi. Aliona kwamba kidevu cha mtoto wake wa pili kimetoka hapa.

"Hili kovu la nini, mama?"

"La chaki."

"La chaki?"

"Nilimrushia chaki mtoto aliyesimama ubaoni, akaikwepa, ikagonga ubao ikanirudia. Darasa zima likanyamaza kwa hofu. Nikacheka mimi mwenyewe kwanza." Mwalimu alimgeukia. "Sikuwahi kukusimulia?"

"Hujawahi."

"Basi nisikilize vizuri, maana huyo mtoto sasa ni hakimu."

Akasimulia, kwa sauti ya chini, akipumzika katikati ya sentensi. Chapchap alisikiliza huku macho yakienda kwenye mpira na kurudi. Hakuna baridi. Hakuna kuwashwa. Robo saa ilipopita alipima tena, presha ikawa imeanza kupanda, akaongeza mwendo wa damu kama daktari alivyoagiza. Hakuinuka. Alisogeza kiti karibu zaidi, akauliza huyo hakimu alikuwa akifeli somo gani.

Kufikia alasiri midomo ya mwalimu ilikuwa imepata rangi. Haikuwa rangi kubwa, lakini kila aliyepita aliiona, na kila aliyeiona alimwita mwenzake. Daktari wa tumbo alisema mshipa umeacha kuvuja na kesho wataingiza kamera kuhakikisha. Kutoka chumba cha mwisho, Twiga alipita akiwa na trei mkononi na tabasamu lililomfika masikioni. "Fundi yuko vizuri! Ameshaanza kunikosoa sare, anasema suruali yangu imeshonwa na adui."

Muuguzi wa dharura naye alikuja. Alikuwa kijana mzuri wa kazi, na uso ulikuwa umemshuka. Asubuhi walifurika wagonjwa, alisema. Aliandika majina kwenye chupa zote mbili akiwa bado mezani, kisha akaenda nazo vitandani zikiwa pamoja mkononi, zikapishana. Hakujitetea zaidi ya hapo. Chapchap alimtazama, na ghadhabu aliyokuwa ameiandaa haikupata mdomo, kwa kuwa alijua ni mara ngapi yeye mwenyewe haraka ilimpeleka karibu na shimo lilelile.

"Nenda kwa mama mwambie," alimwambia. "Na kwa fundi."

Alienda. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kuanzia leo chupa unaiandika wapi?"

"Kitandani, mama. Mbele ya mgonjwa. Baada ya kutoa damu."

"Sema tena kwa sentensi kamili."

Akasema tena kwa sentensi kamili. Siku ileile Bwana Friji na msimamizi wa dharura walikaa, na kabla jua halijazama ilikuwa amri ya hospitali nzima kwamba hakuna chupa itakayoandikwa mbali na mgonjwa, na kwamba kila anayeongezewa damu kwa mara ya kwanza atapimwa kundi mara mbili, kwa sampuli mbili zilizotolewa kwa nyakati tofauti. Shindano halikuendelea. Wa chumba cha upasuaji walisema kwa leo hawana hamu ya kushindana na wodi ya wanawake kwa lolote.

Mume wa Chapchap aliruhusiwa kuingia saa ya kuona wagonjwa. Alikuja na chupa ya uji, shati limechomekwa upande mmoja, macho mekundu kwa wasiwasi wa kutwa nzima kwenye benchi. Alimkuta mama yake ameegemea mito, na mkewe amekaa kitini ubavuni pake, wameinamiana kama watu wanaosengenya.

Alisimama akashangaa. "Mama, unaendeleaje? Nimesikia huko nje watu wanasema mambo. Eti damu ilikuwa ya mtu mwingine, eti mtu alikimbia korido nzima akapindua ndoo. Imekuwaje?"

"Sikuipindua," Chapchap alisema, "niliiruka. Sikiliza, nilikuwa ukumbini..."

"Asianzie ukumbini," mwalimu alimkatiza. "Aanzie pale aliponiuliza jina."

"Mama, lakini bila ukumbini hatoelewa..."

"Nani alikuwa mgonjwa, mimi au wewe?" Mwalimu alinyoosha mkono, akapapasa juu ya kabati la kitanda, akapata miwani yake, akaivaa. "Vuta kiti, mwanangu, kaa. Uji weka pale. Nasimulia mimi, na mkeo atanirekebisha nikikosea."

Chapchap akaipokea chupa ya uji, akaanza kummiminia.

"Basi nimelala hapa," mwalimu alianza, "kope nzito, sioni mbele wala nyuma, mara naona huyu mkwe wangu anakuja..."

"Mbio," Chapchap alisema.

"Mbio," mwalimu alikubali, na akaendelea.